Faida na Hatari ya Maneno ya Mfano

Mara nyingi husikia watu wakisema kwamba mwandishi hodari ni yule ajuaye kuyapamba maneno. Nami kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha kusoma na kuandika hapa Kiberege, katika bonde la mto Kilombero, napenda tulitafakari jambo hili pamoja. Je, maneno ya mfano, ambayo waalimu huyaita tamathali za semi, ni pambo tu kama shanga shingoni, au yana kazi? Na kama yana kazi, faida yake ni nini, na hatari yake ni nini?

Kwanza yafaa tuyajue majina yake machache. Tukisema, "Mzee yule ni mkali kama pilipili," hiyo ni tashbihi, maana tumefananisha kitu na kitu, na neno "kama" limesimama katikati yao. Tukiliondoa neno hilo tukasema, "Mzee yule ni pilipili," hiyo ni istiara. Asili ya jina hili ni Kiarabu, na maana yake ni kuazima: tumeliazima jina la pilipili tukampa mtu. Tukisema kwamba njaa imepiga hodi, tumekipa kitu kisicho na uhai tabia ya mtu, na hiyo ni tashihisi. Tukisema, "Nimekuita mara elfu," tumetia chumvi, na hiyo ni mubalagha. Na tukiliona neno kuwa zito au la aibu, tukaweka la upole mahali pake, hiyo ni tafsida. Ziko nyingine nyingi, lakini hizi zatutosha leo.

Wala tusidhani kwamba mambo haya yalizaliwa shuleni. Bibi zetu waliyatumia kabla hawajashika kalamu. Mkulima wa bonde hili akiona mashina ya mpunga yamevimba kabla ya kutoa masuke, husema kwamba mpunga una mimba. Hakufundishwa na mtu kwamba hiyo ni istiara. Alitafuta neno la kueleza alichokiona, akaliazima katika nyumba yake mwenyewe. Shule huleta jina tu. Kitu chenyewe kilikuwapo.

Basi faida ya kwanza ya maneno ya mfano ni kumwonyesha msomaji kitu asichokiona kwa macho. Lakini ili kazi hiyo ifanyike, mfano lazima utoke katika mambo ayajuayo mwandishi na msomaji wake. Katika madaftari ya watoto naona mara nyingi maneno "mweupe kama theluji." Nikiuliza, "Nani kati yenu ameiona theluji?" wote hunyamaza. Wameyakariri maneno hayo kama mtu anayebeba mzigo asiojua kilichomo. Lakini mwaka mmoja msichana aliandika habari za mkutano wa kijiji uliovunjika kwa ugomvi, akasema watu walitawanyika kwa kelele kama kweleakwelea waliopigiwa debe. Kila mtoto darasani alicheka, kwa sababu kila mmoja amekwisha kukaa juu ya dungu kuamia ndege katika shamba la mpunga. Msichana yule hakuwa na kamusi kubwa; alikuwa na macho.

Faida ya pili ni kuufikisha ukweli mahali ambapo ukweli mtupu usingepokewa. Tumeisoma habari ya nabii Nathani na mfalme Daudi. Nathani hakuanza kwa kumwambia mfalme, "Umetenda dhambi." Alimsimulia habari ya tajiri mwenye makundi ya mifugo, aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Mfalme akawaka hasira, akamhukumu tajiri yule, asijue kwamba anajihukumu mwenyewe. Ndipo Nathani alipoufunua mfano. Na katika lugha yetu ya Kiswahili, Shaaban Robert alifanya kazi iliyo jirani na hiyo katika kitabu chake Kusadikika, kilichotolewa mwaka 1951, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza. Alieleza habari za nchi iliyo angani, ambako mtu aitwaye Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Nchi hiyo haimo katika ramani yo yote, lakini msomaji mwenye akili alijua kwamba dhuluma zisimuliwazo humo zapatikana hapa duniani.

Sasa natugeukie hatari. Hatari kubwa ni hii, kwamba neno la mfano huwa na maana mbili, na msemaji aweza kutoka na moja, na msikilizaji akabaki na nyingine.

Katika kijiji kimoja cha bonde hili, mzee mmoja aliugua muda mrefu kwa maumivu makali, akawa hapati usingizi usiku wala mchana. Mwanawe mdogo alikuwa akifanya kazi mbali. Mzee alipofariki, yule kaka mkubwa, kwa huruma, hakutaka kumwandikia mdogo wake neno "amekufa." Akatuma ujumbe kwa simu: "Baba amepumzika leo alfajiri." Mdogo wake, aliyekuwa akiomba siku zote kwamba baba apate walau usingizi, akafurahi, akajibu: "Mungu ashukuriwe. Apumzike vizuri, nami naja Jumamosi." Wale waliokuwa msibani wakaona amekwisha kujua, tena ameridhika wasimngoje. Wakazika siku iliyofuata. Jumamosi akashuka garini na machungwa na kopo la maziwa kwa ajili ya mgonjwa.

Ugomvi ulikuwa mkubwa. Kaka mkubwa alisema kwamba mdogo wake amemdharau marehemu. Mdogo alisema kwamba amenyimwa haki ya kumzika baba yake. Ukoo ulipokutana, baba yao mkubwa aliniita, akanipa simu zote mbili, akasema, "Mwalimu, tusomee, maana sisi hatuelewi nani mwongo." Nikazisoma jumbe zote mbili kwa sauti, polepole, kisha nikawaomba wausikilize ujumbe wa kwanza kwa masikio ya mtu ambaye baba yake hajalala kwa majuma mengi. Kimya kilitanda. Baba mkubwa akasema, "Hakuna mwongo hapa. Neno moja limekwenda njia mbili." Ndugu wale walipeana mikono, lakini kaburi halikufunguka kwa ajili ya mkono wa heri. Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu: tafsida ni nzuri kinywani mwa mfariji aliyekaa karibu nawe mkekani, maana akiona hukuelewa ataeleza. Katika ujumbe upelekwao mbali, tanguliza neno wazi, kisha tia la upole.

Historia ya nchi yetu nayo yatufundisha jinsi neno liwezavyo kuwa na nguvu kupita bunduki na udhaifu kupita jani. Katika vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, habari ilitoka kwa Kinjikitile wa Ngarambe kwamba dawa ya maji itazigeuza risasi za Wadachi kuwa maji. Neno hilo liliyaunganisha makabila ambayo hayakuwa na mfalme mmoja wala lugha moja, likafika na kwetu. Tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge, nao wakauawa kwa wingi na bunduki za mtombo. Sisemi kwamba dawa ile ilikuwa istiara tu. Walioipokea waliiamini kweli, na ushujaa wao hatuna haki ya kuucheka. Nasema kwamba kati ya kusema "tuwe kitu kimoja, na nguvu za adui zitakuwa kama maji" na kusema "risasi zitakuwa maji," limepungua neno moja dogo tu, nalo ni "kama." Ebrahim Hussein ameutazama mwujiza huo wa neno katika mchezo wake Kinjeketile, uliotolewa mwaka 1969, akatuonyesha jinsi neno likiisha kutoka kinywani lisivyokuwa tena mali ya aliyelisema.

Basi, ndugu yangu ushikaye kalamu, iwe ni barua ya posa, au taarifa ya mkutano, au ujumbe wa simu, jiulize mambo matatu. Je, mfano huu naujua mimi mwenyewe? Je, atakayeusoma anaujua? Na je, akiuelewa vingine, nani ataumia? Ukiwa na jibu jema kwa yote matatu, uandike bila hofu, maana lugha isiyo na mfano ni kama wali usio na chumvi. Lakini jibu la tatu likikutia mashaka, weka kando pambo lako, useme neno wazi. Aliyeazima jembe hulirudisha shambani likiisha kulima. Halitumii kukatia nyama.