Tuhesabu Kabla ya Kuchanga



Mdogo wangu anaishi Marekani. Mtoto wake alikuwa akipiga chafya na kujikuna usiku kucha, ndipo daktari akaamua apimwe aleriji kwenye ngozi. Muuguzi huweka matone mgongoni, moja la vumbi la nyumba, moja la paka, moja la karanga na kadhalika, kisha hudunga kidogo kwenye kila tone. Baada ya dakika 15 hadi 20, panapovimba ndipo penye jibu.

Fakitire ilipofika, mdogo wangu alinitumia picha yake. Iliandikwa 95004, na pembeni 60. Aliuliza wanaozielewa namba hizo: 95004 ni kipimo cha kudunga ngozi, na kila tone lina bei yake. Lakini yeye alikaa karibu na mtoto akayahesabu matone: 40. Akaomba fakitire inayoeleza kila kitu, pamoja na karatasi ya majibu. Karatasi ilikuwa na majina 40. Wakasahihisha, na pesa ya matone 20 ikaondolewa.

Hapa kwetu mama anaweza kuzuiliwa hospitalini na kichanga chake kwa deni ambalo hakuna aliyemfafanulia. Namba zile hatuna, lakini kuuliza tunaweza: sindano ngapi, dawa gani, siku ngapi? Tunapokwenda kumtoa mwenzetu, kabla hatujachanga, mmoja wetu aisome fakitire mstari kwa mstari, na mgonjwa mwenyewe awe anasikiliza.