KUSOMA HUKU UNAFANYA KAZI: YALIYONIKUTA



 Walimu wangu, wazazi, na wadogo zangu mnaosoma katika madrasa hii ambayo nami nilikaa juu ya mikeka yake, nimeombwa niandike machache kuhusu kutafuta elimu. Faida za elimu masheikh wetu wameshazieleza vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Kwa hiyo nitasimulia yaliyonikuta nilipokuwa nasomea mtihani huku nikiwa na kazi ya mshahara, pamoja na kosa nililolifanya, ili mwenzangu atakayepita njia hiyo asijikwae pale pale nilipojikwaa mimi.

MTIHANI WENYEWE

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule moja ya sekondari hapa Bagamoyo. Nina mke na watoto watatu. Baada ya miaka minane ya kushika chaki niliingiwa na hamu ya kusoma shahada ya uzamili. Uwezo wa kujilipia sikuwa nao. Nikasikia kwamba baadhi ya vyuo vya Marekani humsamehe ada mwanafunzi wa uzamili na kumpa posho, naye akasaidia kufundisha. Vyuo vitatu nilivyovichagua vilitaka alama za mtihani uitwao GRE, unaotungwa na taasisi ya ETS ya huko Marekani.

Kwa faida ya wasioujua, mtihani huu hufanywa kwa kompyuta na una sehemu tatu: insha, lugha ya Kiingereza, na hisabati. Tangu Septemba 2023 ulifupishwa, na sasa huchukua saa 1 na dakika 58. Insha ni moja, ya dakika 30. Maswali ya lugha ni 27 na ya hisabati ni 27. Alama za lugha na za hisabati huanzia 130 na kuishia 170, na insha hupewa 0 mpaka 6. Ada niliyolipa ilikuwa dola 220, zaidi ya shilingi laki tano, ambazo nilizipata kwa mchezo wa upatu pale shuleni, zamu yangu ilipofika.

Hisabati haikunitisha. Hata neno lenyewe la aljebra limetokana na kitabu cha al-jabr cha Al-Khwarizmi, mwanachuoni Mwislamu aliyeishi Baghdad katika karne ya 9. Nilikuwa nikiwaambia hivyo wanafunzi wangu ili wasiione hisabati kuwa ni kitu cha wageni. Kilichonitisha ni Kiingereza. Mle mna maneno ambayo katika miaka yangu yote ya shule na chuo sikuwahi kuyasikia.

NILIPOKOSEA

Nilianza kusoma Januari 2024. Siku yangu ilikuwa imejaa pomoni. Natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nafundisha madarasa yenye wanafunzi sabini na zaidi, narudi alasiri na furushi la madaftari. Jioni kuna watoto, kuna wagonjwa wa kuwatazama, kuna maziko na harusi, maana sisi watu wa pwani tunaishi na watu. Nikaona sina wakati, na kwa kuwa sina, nikaanza kuuchukua kwa watu.

Kwanza niliuchukua kwenye mwili wangu. Nilikesha mpaka saa nane za usiku, na asubuhi nikasinzia ubaoni. Kisha niliuchukua nyumbani. Mtoto akija na hesabu zake namwambia, "Nenda kwa mama yako." Ukaja mwezi wa Ramadhani, nami usiku mwingi sikwenda tarawehe, nilibaki na vitabu nikijiambia kwamba kutafuta elimu nako ni ibada. Neno lile ni la kweli, lakini mimi nililitumia kama pazia.

La mwisho ndilo baya zaidi. Nilianza kusoma katika vipindi vya shule. Naingia darasani Kidato cha Pili, naandika ubaoni maswali kumi, nawaambia wafanye kimya kimya, kisha nakaa mezani na kadi zangu za maneno ya Kiingereza nimezificha ndani ya daftari la mahudhurio. Dakika 40 zinakwisha, natoka. Mkuu wa shule akipita dirishani anaona darasa limetulia na mwalimu ameinama, anaridhika.

Siku moja mwezi wa Aprili binti mmoja alikuja mezani na daftari lake. Akasema kwa adabu, "Samahani mwalimu, maswali haya ulitupa Jumatatu, na yale ya wiki iliyopita hujatusahihishia." Nikalipokea daftari. Kurasa za wiki tatu hazikuwa na hata alama moja ya wino mwekundu. Nikamwambia, "Kaa, nitasahihisha." Sikusahihisha. Alipogeuka tu nilirudi kwenye kadi zangu.

Juni nikapanda basi la alfajiri mpaka Makumbusho, Dar es Salaam, nikafanya mtihani. Alama za lugha na hisabati huonekana kwenye kompyuta papo hapo ukimaliza. Hisabati nilipata 157. Lugha nilipata 142. Nikarudi Bagamoyo nimesimama ndani ya basi, toka Bunju, Mapinga, Kerege mpaka Zinga, sikumbuki niliona nini njiani.

Wiki ile ile tukapanga matokeo ya nusu mwaka. Kidato cha Pili, darasa langu, walikuwa wameshuka katika hisabati kuliko somo lolote jingine. Alama zangu mwenyewe zilinihuzunisha. Zile za watoto ziliniaibisha.

MANENO YA USTADHI

Nilikwenda kwa ustadhi wangu aliyenifundisha juzuu yangu ya kwanza. Nilikwenda kutafuta maliwazo, nikamweleza habari ya mtihani, na katika kueleza nikajikuta nimemweleza na ya darasani. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, fundi akipewa mifuko kumi ya saruji ajenge nyumba ya mtu, akatia saba, na mitatu akapeleka kwake, huyo tumwite nani?"

Sikumjibu.

Akasema, "Na saa za watu nazo ni saruji. Wewe umepewa mshahara wa vipindi vyote. Usiniambie kuwa ulichokwenda kujengea ni msikiti."

Ndugu zangu, wengi tunajua kuwa kuiba fedha ya kazini ni haramu. Lakini muda wa kazini tunauona kama maji ya bahari, kila mtu achote. Mtu anakaa ofisini anasomea mtihani wake huku watu wamepanga foleni nje, na jioni anaomba Mwenyezi Mungu amfaulishe. Mimi nilikuwa mmoja wao. Amana ni amana, hata kama unachokitafuta ni elimu.

Nilikaa na ratiba yangu nikahesabu vipindi nilivyovila. Nilipata 22. Nikaenda kwa mkuu wa shule nikamweleza. Sitaficha kwamba magoti yalikuwa yakinitetemeka, maana angeweza kuniandikia barua. Alinitazama kwa muda, akasema, "Wanaofanya hivyo ni wengi, sijaona aliyekuja kusema. Nenda kawalipe." Nikawalipa. Kuanzia Julai nilifundisha Kidato cha Pili kila Jumamosi asubuhi, vipindi vitatu, kwa Jumamosi nane, bila senti moja ya mzazi. Madaftari yote niliyasahihisha kuanzia ukurasa niliouacha. Yule binti alipolipokea lake alilifunuafunua, akasema, "Mwalimu, mpaka ya mwezi wa tatu!" Nikamwambia ilikuwa haki yake.

NILIVYOANZA UPYA

Sheria za GRE zinaruhusu kurudia mtihani baada ya siku 21, na si zaidi ya mara 5 katika miezi 12. Nilitaka kurudia, lakini safari hii kwa saa zangu mwenyewe. Saa zangu ni zipi? Nilipozitafuta niliona kumbe siku ya Mwislamu imeshagawanywa tangu zamani. Mimi ndiye niliyekuwa naivuruga.

Baada ya sala ya alfajiri kabla ya kwenda kazini nilipata dakika 45. Baina ya magharibi na isha nilipata 45 nyingine. Wakati huu wa pili watoto wangu nao hukaa na mas-hafu na madaftari yao, basi tukawa tunakaa mkeka mmoja, kila mtu na lake. Mwenye swali anauliza. Baada ya isha hapana kitabu, ni chakula na kulala. Jumapili moja moja nilifanya mtihani mzima wa majaribio, kwa saa. ETS hutoa miwili ya majaribio bila malipo, na masomo ya hisabati ya Khan Academy nayo ni ya bure.

Hesabu yake ni hii: dakika 90 kwa siku tano ni saa 7 na nusu kwa wiki. Kwa miezi mitano, kuanzia Julai mpaka Novemba, hata nikitoa siku za maradhi na misiba, nilipita saa 130. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba amali inayopendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu hata ikiwa ndogo. Nilikuwa nikiisikia hadithi hii tangu utotoni, lakini sikuielewa mpaka nilipoiweka kwenye hesabu.

Maneno ya Kiingereza nayo niliyabadilishia njia. Badala ya kukariri maelezo ya kamusi, kila neno nililitafutia ndugu yake wa Kiswahili. Penye "garrulous" niliandika mpayukaji. Penye "parsimonious" niliandika bahili. Penye "equivocate" niliandika mwenye kauli mbili. Neno likishapata sura ya mtu wa mtaani kwetu halisahauliki. Kumi kwa siku, na kila Ijumaa kurudia ya wiki nzima.

Nilipochoka nilimkumbuka Sheikh Yahya bin Abdallah wa hapa kwetu Bagamoyo, ambaye wazee wanamwita Sheikh Ramiya. Aliletwa pwani akiwa mtoto, mtumwa aliyetoka Manyema. Akasoma huku akijitafutia riziki, akawa sheikh mkubwa wa Tarika ya Qadiriyya, akafundisha watu mpaka alipofariki mwaka 1931. Yeye hakuwa na kompyuta wala taa ya umeme, na alianza hata nafsi yake si yake. Mimi mwenye mshahara nitasemaje kuwa sina nafasi?

Mwisho wa Novemba 2024 nilifanya mtihani mara ya pili, safari hii nyumbani kwa kompyuta ya kuazima. Masharti yake ni makali: uwe chumbani peke yako, mlango umefungwa, msimamizi anakutazama kwa kamera, na huruhusiwi kuandika kwenye karatasi ya kawaida bali kwenye kibao cheupe kinachofutika. Mke wangu aliwachukua watoto wakashinda Kaole kwa bibi yao. Lugha nilipata 151, hisabati 160, na insha 4.

NASAHA ZANGU

Ndugu msomaji atauliza, je, nimekwenda Marekani? Bado. Niliomba vyuo vitatu. Kimoja kilinikataa, cha pili kikanikubali bila ufadhili, nami sina fedha hiyo, na cha tatu kikaniweka katika orodha ya kusubiri, ikaishia hapo. Alama za GRE hudumu miaka 5, kwa hiyo naweza kuziombea mpaka 2029, na naendelea kuomba. Riziki ina Mwenyewe.

Kwa wenzangu mlio kazini na mnataka kusoma, nasema haya:

Kwanza, kabla ya kulipa ada, ulizia chuo chako kama bado kinautaka mtihani huo. Tangu mwaka 2020 vyuo vingi vimeuacha, na kuufanya mara mbili kulinigharimu zaidi ya shilingi milioni moja.

Pili, soma masharti mapema, hasa dada zetu. Mtihani wa nyumbani una kanuni zake kuhusu mavazi ya kichwani. Ukiona yanakubana, nenda kituoni.

Tatu, washirikishe watu wa nyumbani kwako. Mimi niliposoma peke yangu nilionekana mkali. Niliposoma mkekani na wanangu walinihurumia na kunyamaza wenyewe.

Nne, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, hesabu saa zako kabla hujaanza kusoma. Zilizo zako zitumie zote. Za mwajiri, za wanafunzi, za wagonjwa waliokungoja, ziache mahali pake. Na kama ulishazichukua, zihesabu, ukazirudishe kwa wenyewe wangali wapo.

Namwomba Mwenyezi Mungu awabariki walimu wa madrasa yetu, awape vijana wetu elimu yenye manufaa, na atusamehe tulipokosea. Amin.

Wabillahi tawfiiq.