Masalio ya Rangi

Kila kazi ya mikono huacha masalio. Seremala huacha maranda, mshonaji huacha vipande vya nguo, mwashi huacha kokoto. Kazi iliyokamilika hutuonyesha uhodari wa mkono wa fundi. Masalio yake hutuonyesha utaratibu wa akili yake. Mimi hupenda kutengeneza shanga na vifungo kwa udongo wa polima, na katika insha hii nataka kukueleza, msomaji, jinsi mabaki ya rangi zake yawezavyo kuwa akiba, na jinsi yawezavyo kuwa tope.

Udongo huu haukuchimbwa bondeni kama ule wa mfinyanzi. Ni plastiki ya jamii moja na ile ya mabomba ya maji, ila umelainishwa kwa vitu mfano wa mafuta na kutiwa rangi. Ujerumani ni mojawapo ya nchi za asili yake. Huko Sophie Rehbinder-Kruse, binti wa Käthe Kruse aliyesifika kwa wanasesere, aliutumia katika ufundi wake. Na mwaka 1964 uliingia mikononi mwa kampuni ya Eberhard Faber, ukaitwa Fimo. Hukandwa kwa vidole, hukatwa kwa wembe, kisha huokwa katika oveni kwa joto la digrii 110 mpaka 130, kwa kadiri ya maagizo ya pakiti. Moto ukizidi, udongo huungua na kutoa moshi unaodhuru mapafu. Kabla ya kuokwa waweza kuugeuza upendavyo. Ukisha kuokwa haulainiki tena.

Pakiti ndogo ya kawaida ina gramu 57. Ukibakisha gramu 10 tu katika kila pakiti, pakiti sita zitakuachia gramu 60, yaani zaidi ya pakiti nzima. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hicho kina hila yake: kwa kawaida mabaki hayo ni ya rangi mbalimbali, na mtu mwenye haraka huyakusanya yote, akayakanda pamoja, akitumaini kuona rangi mpya ya ajabu. Aghalabu hupata donge moja la rangi ya matope.

Kwa nini iwe hivyo? Nuru nyeupe ni mkusanyiko wa rangi nyingi. Isaac Newton alilieleza jambo hilo katika kitabu chake Opticks, kilichotoka mwaka 1704. Udongo mwekundu huonekana mwekundu kwa sababu humeza sehemu kubwa ya nuru na kuturudishia wekundu. Udongo wa kijani humeza wekundu na kuturudishia ukijani. Ukizikanda rangi hizi mbili pamoja, kila moja hula kile ambacho mwenziwe angekirudisha. Jicho hupata makombo tu, nayo ni kahawia iliyofifia au kijivu. Ndivyo zilivyo pia buluu na machungwa, na ndivyo zilivyo manjano na zambarau. Hizo ni rangi hasimu: zikikaa kando kwa kando hupambana, zikichanganywa huuana.

Basi dawa ya tope ni kutenga mapema. Mezani pangu pana visahani vitatu vya kauri. Cha kwanza ni cha manjano, machungwa na nyekundu. Cha pili ni cha buluu na kijani. Cha tatu ni cha nyeupe, nyeusi na kahawia. Zambarau huifunga peke yake katika karatasi ya nta, mpaka nijue itakwenda na nani. Huanza kazi kwa rangi nyeupe na kuishia kwa nyeusi, na kila nibadilishapo rangi hufuta vidole na meza, maana alama ndogo ya nyekundu yatosha kuharibu weupe. Kabla ya kuchanganya donge zima, huchanganya chembe mbili za ukubwa wa dengu na kuzitazama. Chembe ikikataa, nimepoteza chembe. Donge likikataa, nimepoteza donge. Nyeusi huitia kwa uchache kuliko chumvi katika mchuzi.

Nina jirani, mwanafunzi wa sekondari, ambaye siku za likizo hutengeneza herini na kuziuza apate fedha za vitabu. Siku moja alinijia na mabaki yake yote katika mfuko mmoja. Hakuwa na fedha za pakiti mpya, na mteja alikuwa akingoja jozi nne.

“Mwalimu,” aliniuliza, “nikiyakanda yote pamoja, sitapata rangi moja?”

“Utaipata, mwanangu,” nilimjibu, “lakini huenda usiipende, wala hutaweza kuzirudisha zile ulizokuwa nazo.”

Tuliketi tukatenga vipande kwa ncha ya wembe. Manjano na machungwa zikawa rangi ya embe bivu. Buluu na kijani, pamoja na nyeupe kidogo, zikawa rangi ya bahari ya asubuhi. Vipande vyekundu vilivyokuwa vimekwisha kushikamana na vya kijani havikutengeka. Hivyo tulivikanda vikawa tope, tukaliviringa tope hilo kuwa viini vya shanga, na juu yake tukavika ngozi nyembamba ya rangi safi. Jozi nne zilitimia. Aliyezinunua aliona embe na bahari. Tope lilikuwa ndani, likifanya kazi yake bila kuonekana.

Kwa hiyo usidhani kwamba nalidharau tope. Lina mahali pake: ndani ya ushanga, au katika sanamu ya ndovu, au gome la mti. Ninalolikataa ni tope la uvivu, lile linalotokea kwa sababu hakuna aliyechagua. Maji yakimwagika hayazoleki, na rangi mbili zikisha kukandwa hapana mkono uwezao kuzitenganisha. Uhuru wako wote umo katika dakika zile chache kabla ya kuchanganya, vipande vikiwa bado vimekaa mbalimbali, kila kimoja na jina lake.

Hata uchanganyapo, jifunze kukoma. Sokota pamoja nyuzi mbili za rangi, uzikunje mara mbili au tatu, kisha uache: utaona michirizi mizuri kama ya jiwe la marumaru. Endelea kukanda, na michirizi hiyo itatoweka. Jitihada husifiwa katika kazi nyingi, msomaji, lakini katika hii fundi hujulikana pia kwa mahali anapoinua mikono yake.