Bayolojia na Biblia: safari ya siku moja jijini Nairobi

Huenda nyumbani kwako yupo kijana aliyemaliza Kidato cha Nne na sasa anataka kusomea bayolojia katika chuo kikuu. Mama amefurahi. Baba, ambaye ni mzee wa kanisa, hana raha. Anajiuliza: je, mwanangu hatafunzwa huko kwamba alitokana na nyani, kisha arudi nyumbani ameacha kusali? Kijana naye analala na swali hilo hilo, ila anaogopa kulitamka.

Kabla hamjagombana, chagueni Jumamosi moja mtoke pamoja. Jibu lenu, au angalau nusu yake, liko barabarani.

Anzieni katikati ya jiji, kwenye barabara ya University Way. Hapo kando ya Chuo Kikuu cha Nairobi pana kanisa la Kikatoliki la St Paul's, ambako wanafunzi wengi husali Jumapili kabla ya kurejea kwenye vitabu vyao. Kutoka hapo tembeeni polepole hadi Museum Hill, penye Makavazi ya Kitaifa. Mtaiona ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, na ng'ambo kidogo iko Chiromo, bewa ambako Chuo Kikuu cha Nairobi hufunzia sayansi.

Nje ya makavazi ipo sanamu ya Louis Leakey. Wengi hudhani alikuwa mgeni aliyekuja kuchimba mifupa na kwenda zake. La! Alizaliwa mwaka 1903 pale Kabete, magharibi mwa jiji, katika nyumba ya wamishenari. Babake, Harry Leakey, alikuwa mhubiri wa Kianglikana aliyeshiriki kutafsiri Biblia kwa Kikikuyu. Kwa hivyo mtu aliyeushawishi ulimwengu kutafuta asili ya binadamu hapa Afrika alikulia kando ya kanisa.

Ingieni ndani mkamwone Mvulana wa Turkana. Mnamo 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya ambaye hakuwa amesomea chuo kikuu, aliona kipande kidogo cha fuvu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Walipochimba, wakapata karibu mifupa yote ya mtoto aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Simameni mbele yake kimya. Baba na atazame vizuri: huyu si nyani wa msituni. Alitembea wima kama sisi, na alifariki kabla ya kuwa mtu mzima.

Mifupa hii imewahi kuzua mzozo. Mwaka 2006, makavazi yalipokuwa yakikarabatiwa, Askofu Boniface Adoyo wa makanisa ya kiinjilisti alipinga ionyeshwe kama ushahidi wa mageuko ya binadamu. Richard Leakey, mwana wa Louis, aliitetea vikali. Makavazi yalifunguliwa upya mwaka 2008 na mifupa ikabaki. Basi wasiwasi wa baba si ujinga. Ni swali ambalo Wakenya wamelijadili hadharani.

Sasa rudini mjini, mpande matatu ya Rongai pale Railways, nambari 125 au 126. Mtapita uwanja wa ndege wa Wilson, kisha lango la Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mkishaingia Barabara ya Magadi, shukeni mwelekee Bogani East. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, chenye kanisa na Kitivo cha Sayansi katika ua mmoja.

Taasisi hii ilifunguliwa rasmi na Papa Yohane Paulo wa Pili mwezi Agosti 1985, nayo ikapata hati ya kuwa chuo kikuu mwaka 1992. Papa huyo huyo, mnamo Oktoba 1996, aliwaandikia wanasayansi wa Vatikani kwamba nadharia ya mageuko sasa ni zaidi ya dhana tu, lakini akashikilia kuwa roho ya mtu hutoka kwa Mungu moja kwa moja. Wala si ajabu. Gregor Mendel, aliyegundua kanuni za urithi kwa kupanda njegere, alikuwa mtawa.

Lakini, ewe mzazi, usidhani kila chuo cha Kikristo kina msimamo huu. Makanisa hayasemi kwa sauti moja. Kabla ya kulipa karo, mwulize mhadhiri: mageuko mnayafunza vipi? Mwanafunzi mwenye shaka husikilizwa au hukaripiwa? Maabara zenu zikoje? Hilo la mwisho lisisahaulike, kwani bayolojia haisomwi kwa maombi pekee, na darubini iliyoharibika haiponywi kwa mahubiri.

Nawe kijana, usifiche swali lako. Mada ya mageuko imo katika silabasi ya 8-4-4, kwa hivyo umeshaigusa tayari. Imani inayoogopa mifupa ni changa, na elimu isiyostahimili maswali ya baba haijakomaa.

Jioni mkiwa ndani ya matatu mkirejea nyumbani, mwacheni kijana aseme kwanza. Baba asikilize hadi mwisho. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na wala hawakusema kwamba maswali ni ya watoto peke yao.