Ruhusa ya Kushuka Pwani

Twataka kueleza jambo ambalo huku Msimbu limeleta maneno mengi, na ambalo sisi wenyewe tulilihukumu kabla ya kulijua.

Mdogo wetu, kitinda mimba wa mama, ni baharia. Alisoma katika Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam, kisha akapata kazi katika meli ya kigeni ichukuayo yale makasha makubwa ya chuma yaitwayo kontena. Meli hiyo hutoka Salalah katika nchi ya Omani, ikaja Mombasa, ikaja Dar es Salaam, ikarudi ilikotoka. Basi watu wa huku walipopata habari kwamba kijana wetu amefika bandarini mara tatu katika mwaka mmoja wala hakuonekana kijijini, walianza kunong'ona. Kutoka mjini hata huku si safari ya kumshinda mtu: hupanda gari mpaka Gongo la Mboto, akapita Pugu, akafika Kisarawe, na kutoka hapo hamalizi hata kitambo. Mzee mmoja wa kanisa alisema waziwazi, watu walipokuwa wakitoka katika ibada, kwamba kijana huyo hupita mlangoni pa mama yake asipige hodi. Na mama alikuwapo, akasikia.

Neno hilo lilituuma, nasi tukamwandikia mdogo wetu maneno makali. Tulimwambia kwamba fedha atumazo si uso wa mtoto, na ya kuwa tumekwisha kusikia habari za mabaharia na mambo wayatafutayo wakishuka pwani. Sisi tu walimu, na mwalimu akiisha kuanza kukemea hajui pa kukomea. Kwa majuma matatu hakujibu. Kisha akatuletea habari fupi kwamba meli yake itafika mwezi wa Novemba, mwaka 2022. Tushuke na mama, tukiweza.

Tukashuka. Mama alifunga korosho za kukaanga katika kitambaa, na mihogo mibichi ya shambani kwake, maana alisema huko melini hawajui mihogo. Tulipofika mjini tuliambiwa kwamba meli imetia nanga nje, yangoja zamu yake ya kuingia gatini. Tukaenda ufukweni, upande wa Ocean Road, tukaziona meli zimesimama mbali, nyingi kwa hesabu. Mama akauliza, "Ya mwanangu ni ipi?" Tukampigia simu mdogo wetu, akatueleza rangi yake na mahali iliposimama, mama akaitazama sana, akapunga kitambaa chake. Mtu aliye mbali namna ile hawezi kuona kitambaa. Hatukumwambia.

Siku nne meli ile haikuondoka pale. Usiku taa zake zilionekana, na mdogo wetu alisema yeye naye huziona taa za mji, hata huona magari yakipita pwani. Mama hakufahamu kwa nini asipande ngalawa akaja. Tulimweleza kwamba meli ikiwa nangani si mtumbwi uliofungwa mtini: kuna zamu za usiku na mchana, nahodha hawezi kumtoa mtu bila karatasi za uhamiaji na za bandari, na mashua ya kumleta yataka fedha ambazo mwenye meli hapendi kuzitoa kwa ajili ya baharia mmoja mwenye hamu ya mama yake. Akasema, "Basi amefungwa." Tukamwambia hapana, hakufungwa. Lakini jibu letu lilikuwa dhaifu, nasi tulijua.

Usiku ule tulikumbuka safari ya mtume Paulo, katika Matendo ya Mitume, sura ya 27. Paulo alikuwa mfungwa apelekwaye Rumi, chini ya akida aitwaye Yulio. Walipofika Sidoni, Yulio alimfadhili, akampa ruhusa kushuka kwenda kwa rafiki zake apate kutunzwa. Tumeifundisha sura hiyo mara nyingi, na kila mara tuliharakisha kufika kwenye dhoruba na kuvunjika kwa merikebu, kwa kuwa watoto hupenda dhoruba. Ile siku moja ya Sidoni tuliipita kama kituo kisicho na abiria.

Tena pwani hii yetu imewahi kuona mabaharia wengi waliotazama nchi kavu wasipate raha yake. Wazee walikuwa wakisimulia habari za Königsberg, manowari ya bomba tatu ya Wajerumani. Iliondoka Dar es Salaam tarehe 31 Julai 1914, na tarehe 20 Septemba ikaizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, iliyokuwa imesimama Unguja kutengeneza mitambo yake. Kisha ikajificha katika mikono ya mto Rufiji, nayo haikutoka tena. Iliangamizwa huko tarehe 11 Julai 1915. Kwa miezi mingi mabaharia wake walikaa katikati ya mikoko, kwa mbu na homa, na wenzao Waingereza wakazunguka nje baharini wakiwalinda wasitoroke, juu ya chuma kilichochomwa na jua. Hawa na hawa waliziona nazi za nchi kavu kila siku. Lakini hao walikuwa vitani. Mdogo wetu huchukua shehena tu.

Siku ya tano mama alirudi Msimbu, kwa kuwa kuku wake hawakuwa na mtu, na miguu ilimvimba. Kesho yake alfajiri meli ikaingia. Mdogo wetu alifanya kazi ya kamba tangu saa kumi ya usiku, kisha zamu ya kulinda ngazi, kisha akapewa ruhusa: toka saa tisa alasiri hata saa kumi na mbili jioni, awe amerudi. Lakini aliyeandika karatasi yake melini alikosea jina, naye akazuiwa langoni mpaka irekebishwe. Alipotoka ilikuwa saa kumi na nusu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mama amerudi jana."

Alisimama kimya. Kisha akatazama saa yake, akatazama njia iendayo Pugu, akasema, "Heri ningekuwa Brazil. Huko nisingeijua njia ya nyumbani."

Tulikaa chini ya mti, karibu na mwanamke auzaye mihogo ya kukaanga. Alimpigia mama simu, wakasema maneno yale yale waliyokuwa wakisemezana siku nne akiwa nje. Alipokata simu akatuambia, "Barua yako ninayo, kaka. Nimeisoma mara nyingi kuliko ulivyodhani." Kisha hasira yake ikatoka. Alisema kwamba baharia akikaa melini miezi mitano hatafuti makuu: hutaka kutembea moja kwa moja bila kukutana na ukuta, kunyolewa na kinyozi asiyemjua, kumwona mtoto au mbuzi, kusikia neno lisilo amri. Akipewa saa tatu, na mbili zikaliwa na lango, wako wanaokata shauri kuzinywa zile zilizobaki. "Mimi sinywi," akasema, "lakini siwacheki." Sisi tumewafundisha watoto miaka mingi kwamba mabaharia ni walevi. Tulitafuta neno la kujibu, hatukulipata.

Tulimwuliza kama mambo yalikuwa hivi tangu zamani. Akasema hapana, na alivyotueleza tuliona kwamba si ukali wa nahodha mmoja. Zamani shehena ilibebwa na makuli, gunia kwa gunia, na meli ikakaa gatini siku nyingi. Baharia alikuwa na siku zake za kuzunguka mjini. Lakini mwaka 1956 Mmarekani Malcom McLean alisafirisha makasha 58 kwa meli Ideal X toka Newark mpaka Houston, na tangu hapo ulimwengu mzima ukafuata. Sasa winchi huinua kasha zima, meli hupakuliwa kwa saa chache, na meli kubwa mno yaendeshwa na watu ishirini na kitu. Kisha, baada ya mashambulio ya New York ya mwaka 2001, zikawekwa sheria za ulinzi wa bandari za mataifa yote, zilizoanza tarehe 1 Julai 2004, na ua wa chuma ukazidi kuwa mrefu. Katika bandari za Marekani baharia asiye na viza hashuki kabisa. Hutazama nchi kutoka sitahani. Mwaka 2020, kwa ajili ya maradhi ya korona, makampuni mengi yalikataza watu wao kushuka, na mabaharia wapatao 400,000 walibaki melini baada ya mikataba yao kwisha. Na hayo yote yalitokea wakati ambapo Mapatano ya Kazi za Bahari ya mwaka 2006, yaliyoanza kutumika mwaka 2013, yasema kwamba baharia apewe ruhusa ya kushuka kwa ajili ya afya yake. Sheria ipo. Saa ndizo hazipo.

Twasema kwa furaha kwamba Wakristo wengine waliliona jambo hili zamani kuliko sisi. Misheni ya Mabaharia ya Kanisa la Anglikana, iliyoanzishwa mwaka 1856, ina nyumba katika bandari nyingi, hata Mombasa na Dar es Salaam, na watu wake hupanda melini kuwaamkia wasioweza kushuka. Mdogo wetu alisema kwamba katika bandari moja ya mbali mchungaji alimletea soksi na gazeti, akakaa naye robo saa bila kumwuliza dhambi zake.

Saa kumi na moja na nusu akaondoka ili asichelewe langoni. Tulimpa korosho za mama. Mihogo mibichi ilikatazwa, tukamwachia yule mwanamke wa mihogo ya kukaanga. Hatukumwomba radhi kwa ile barua kama ilivyotupasa. Tulimshika mkono tu, naye akaenda mbio.

Jumapili iliyofuata yule mzee wa kanisa alitusimamisha nje, akauliza kama kijana amefika. Tukasema alifika Dar es Salaam, naye alipata saa moja na nusu. Mzee akatikisa kichwa, akasema kwamba saa moja na nusu ni nyingi kwa mtu apendaye kwao. Hatukumjibu pale, kwa kuwa watu walikuwa wengi na mama alikuwa karibu. Tukarudi nyumbani, tukaandika haya.