Kwa baiskeli, daraja hadi daraja, mashambani Lancaster

Saa mbili asubuhi, Jumamosi ya mwezi wa Agosti, watu kumi na mmoja wanashusha baiskeli zao kutoka juu ya magari katika mji mdogo wa Lititz, kaunti ya Lancaster, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Msomaji wa Shinyanga au Kigoma, aliyezoea kuona baiskeli ikibeba gunia la mkaa, madumu ya maziwa na mtoto juu yake, huenda akacheka kuona gari likibeba baiskeli. Ndivyo ilivyo huko. Baiskeli ni ya kutembelea, na mzigo wake leo ni chupa ya maji na ndizi mbili.

Kundi ni la majirani na jamaa zao. Kuna mwalimu mstaafu aliyeizunguka kaunti hii mara nyingi na ndiye kiongozi wa njia, kuna wanandoa wawili na watoto wao, na kuna baba mmoja kutoka Uvira, Kongo, aliye na binti wa miaka kumi. Mji wa Lancaster umepokea wakimbizi kwa miaka mingi, na Kiswahili cha Kivu si kigeni tena katika maduka yake. Safari yenyewe haifiki kilomita 50, na shabaha ni kuvuka madaraja manne ya mbao yaliyoezekwa paa kama nyumba.

Pennsylvania ina zaidi ya madaraja 200 ya namna hii, na hakuna jimbo lingine la Marekani lenye mengi kiasi hicho. Wengi wakiyaona hudhani paa liliwekwa kwa ajili ya msafiri asilowe, au farasi asiogope maji. Vijana wa zamani walikuwa na maelezo yao: waliyaita madaraja ya busu, kwa sababu ndani yake gari la farasi lingeweza kutembea polepole bila shangazi wa mtu kuona. Lakini sababu ya kweli ni ya fundi seremala. Daraja la mbao halifi kwa uzito, linakufa kwa kuoza. Maji ya mvua yakiingia kwenye maungio ya magogo, miaka kumi na kitu inatosha kulimaliza. Mbao za sakafu unaweza kuzing'oa na kupigilia nyingine, ila kiunzi cha pembeni kinachobeba kila kitu kikioza, daraja limekwisha. Kwa hiyo paa na kuta ni koti la kiunzi. Daraja kubwa la Mto Schuylkill mjini Philadelphia, lililojengwa na Timothy Palmer, liliezekwa mwaka 1805 baada ya jaji Richard Peters kusisitiza lifunikwe, na mafundi wa mashambani wakafuata mfano huo.

Barabara ya kutoka Lititz inapanda na kushuka vilima vifupifupi. Mahindi yamesimama marefu kuliko mtu, na kwenye mabanda makubwa ubao mmoja mmoja umefunguliwa ukutani ili upepo upite kwenye majani ya tumbaku. Hii ni nchi ya Waamishi, Wakristo wanaoishi bila gari na bila umeme wa gridi, wanaosema lahaja ya Kijerumani nyumbani. Magari yao ya farasi ni ya rangi ya kijivu, na mwendo wake si mkubwa kuliko wa baiskeli ya mtu asiye na haraka. Watoto wa kundi wanashangaa kumwona kijana wa Kiamishi akipita kwa skuta ya kusukuma kwa mguu mmoja, yenye magurudumu makubwa kama ya baiskeli. Mwalimu anawaeleza: Waamishi wa Lancaster wengi hawapandi baiskeli, kwa sababu inaweza kumpeleka mtu mbali mno na nyumbani. Skuta inatosha kwenda kwa jirani na kurudi. Wazo hilo linawaacha kimya waendesha baiskeli kwa kama kilomita moja.

Majirani wa Waamishi kwa asili na imani ni Wamennonite, na hapa kuna uzi unaofika mpaka Ziwa Victoria. Ni kutoka Lancaster walikotoka wamisionari wa Kimennonite walioingia Tanganyika mwaka 1934 na kuanza kazi Shirati, Mara. Mtu aliyezaliwa katika hospitali ya Shirati ana historia kidogo kwenye mashamba haya, hata kama hajayaona.

Daraja la kwanza ni Zook's Mill, la mwaka 1849, juu ya kijito cha Cocalico. Ni jekundu nje na jeupe kwenye milango, kama yalivyo mengi ya kaunti hii. Binti wa Uvira anafunga breki mlangoni. Kutoka kwenye jua kali, ndani panaonekana kama shimo.

"Papa, huku giza. Miye siingii."

"Shuka basi, mama, tutembee."

Wanaziburuta baiskeli ubavuni, mkono wa baba juu ya usukani wa binti. Nyuma yao gari la farasi limefika na kusimama. Mwenye gari, mzee mwenye ndevu, haombi njia wala hapigi kelele. Analegeza hatamu na kungoja. Daraja lina njia moja tu, na huko aliyeingia kwanza humaliza kwanza. Katikati macho yanazoea, na binti anaanza kuona: matao makubwa ya mbao yameinuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, yakibana kiunzi katikati. Ni muundo wa Theodore Burr, aliyepata hataza yake mwaka 1817. Kwato za farasi zinapoingia nyuma yao, jengo zima linavuma kama ngoma. Upande wa pili binti anageuka na kuuliza kama wanaweza kurudia.

Wanarudia. Wengine wanasubiri, wakila ndizi.

Ilikuwa hapa Zook's Mill ambapo mwezi Juni 1972 mvua za tufani Agnes ziliujaza mto hadi maji yakapita ndani ya daraja kwa kina cha karibu mita mbili. Halikung'oka. Majirani zake hawakuwa na bahati hiyo, kama kundi litakavyoona mchana.

Bitzer's Mill, daraja la pili, ni la mwaka 1846, kongwe kuliko yote yanayotumika bado kwa magari katika kaunti. Hapa mwalimu anatoa onyo ambalo kila mzazi anapaswa kulishika: mbao zikiwa na unyevu zinateleza kama sabuni, na tairi jembamba linaweza kunasa kwenye ufa kati ya ubao na ubao. Ingia polepole, usikate kona ndani, vua miwani ya jua kabla ya mlango. Taa ya nyuma iwake hata mchana, maana dereva anayetoka juani haoni kitu kwa sekunde kadhaa, na sekunde hizo ndizo zenye hatari kubwa kuliko gari lolote barabarani.

Kabla ya saa sita kundi linasimama kwenye meza ya shamba iliyo kando ya barabara. Nyanya, mahindi ya kuchemsha, mitungi ya matunda, na kinywaji baridi cha mizizi kisicho na kilevi. Hakuna muuzaji, kuna kisanduku cha fedha tu. Anayepanga safari kama hii asiiweke Jumapili, maana meza zote za Waamishi hufungwa siku hiyo.

Madaraja mawili ya mchana yako juu ya Mto Conestoga. Pinetown lilijengwa mwaka 1867 na Elias McMellen, mjenzi aliyeacha madaraja mengi katika kaunti hii. Agnes ililinyanyua kutoka kwenye misingi yake. Hunsecker's Mill, lenye urefu wa karibu mita 55, lilibebwa kabisa na mkondo. Kaunti ingeweza kuweka zege na kusahau. Badala yake yote mawili yalijengwa tena kwa mbao mwaka 1973, na Pinetown likainuliwa juu zaidi. Mwaka 2011 mafuriko mengine yaliliharibu tena, nalo likatengenezwa tena.

Chini ya kivuli cha Hunsecker's mjadala unawaka. Mmoja wa akina baba anaona ni kupoteza kodi: daraja la zege lingebeba lori na gari la zimamoto, na moto haungoji lori lizunguke kilomita kadhaa. Mkewe anamjibu kwamba daraja la zege lingeleta malori hayo mlangoni kwa watoto, na kwamba yeye binafsi asingeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuangalia zege. Baba wa Uvira anasikiliza, kisha anasema kwao daraja likienda na maji watu huvuka kwa mtumbwi miaka kadhaa wakisubiri lolote, liwe la mbao au la zege. Hilo halimalizi ubishi, lakini linaupunguza sauti.

Wakiwa bado hapo, lori la kubeba samani linafika mlangoni. Dereva anasoma kibao cha kimo na uzito, anashuka, anatazama paa, anajikuna kichwa. Halafu anarudi kinyumenyume taratibu hadi kwenye njia ya shamba ili ageuze, huku watoto wote wakimwelekeza kwa mikono, kila mmoja upande wake.