Kikima, Sinema ya Usiku Mmoja

Ukishaiacha Machakos na kuanza kuikabili milima ya Mbooni, matatu hupunguza maneno. Redio inazimika yenyewe, dereva anashusha gia, na abiria wa dirishani wanaanza kufunga vioo. Mtu wa Nairobi akisikia Makueni hufikiria jua, embe za Wote na punda wa kuteka maji. Avae sweta kwanza. Kikima, huko juu Mbooni, asubuhi ni ukungu unaoshuka hadi kwenye paa za maduka, na mikaratusi inayodondosha matone kana kwamba mvua imesahaulika juu ya matawi.

Kinachoshika jicho hasa ni matuta. Mlima mzima umekatwa ngazi, na kila ngazi ina kazi yake: mahindi hapa, migomba pale, mparachichi ukingoni. Wataalamu wa udongo duniani huita mbinu hii kwa jina lake la Kiswahili, fanya juu: unachimba mtaro wa usawa unaoukata mteremko wa mlima, udongo unautupa upande wa juu, na mvua ikija inakuta kizuizi. Ukambani ndiko ilikoshika mizizi, na ukiwa umesimama Kikima unaelewa kwa nini. Kwa mujibu wa masimulizi ya Wakamba, Mbooni ndiko walikotulia kabla ya kutawanyika kuelekea Kitui na kwingineko. Simlaumu aliyefika akagoma kuondoka.

Mimi nilifika na swali la kipuuzi. Wiki hiyo nilikuwa nimekwenda kutazama filamu mjini Nairobi nikaambiwa imeshaondolewa. Nilidhani ningali na muda. Siku hizi filamu haikai. Zamani Marekani picha mpya ilikaa kwenye majumba ya sinema kama siku 90 kabla ya kuuzwa kwa njia nyingine. Julai 2020 kampuni ya Universal na wenye majumba wa AMC walikubaliana siku 17. Nairobi nayo majumba yenyewe yamepungua. Globe limebaki jina la mzunguko wa barabara. Shan ya Ngara siku hizi ni Sarakasi Dome, watu huenda huko kuruka samasoti. Fox Drive-In ya Thika Road, ambako familia nzima ilikaa ndani ya gari moja na sufuria ya pilau, wajukuu wanaisikia tu.

Basi nikiwa kwenye hoteli moja sokoni, sahani ya muthokoi mbele yangu, nikamuuliza mzee tuliyekaa naye meza moja: Kikima kuliwahi kuwa na jumba la sinema? Akacheka hadi akaweka kijiko chini. Nikamsimulia habari ya *Rafiki*, ile filamu ya Wanuri Kahiu iliyopigwa marufuku mwaka 2018, kisha Mahakama Kuu ikairuhusu siku saba tu ili iweze kushindania tuzo za Oscar, na watu wakapanga foleni hadi tiketi zikaisha.

"Siku saba?" akasema mzee. "Mwanangu, sisi tulikuwa tunapewa usiku mmoja."

Magari ya sinema yalizunguka Kenya tangu enzi za mkoloni, yakifundisha watu kulima na kunawa mikono. Baada ya uhuru yakaendelea, ya Wizara ya Habari na ya wauza sabuni na mafuta ya kupikia. Mchana, alisema mzee, gari lilipita na kipaza sauti: sinema leo! Kufikia magharibi watoto walikuwa wameshakalia nyasi, kila mmoja na blanketi, maana baridi ya Mbooni haina huruma. Shuka jeupe likafungwa katikati ya miti miwili. Jenereta likanguruma. Mwanga wa projekta ulipowaka, nondo wa mlima mzima walikuja kutazama nao, na vivuli vyao vikapita kwenye uso wa mchezaji, vikubwa kama kunguru.

Yeye na kaka yake walichelewa kwa sababu ya mbuzi. Upande wa mbele ulikuwa umejaa, wakakaa nyuma ya shuka. Huko picha inaonekana vilevile, ila imegeuka: maandishi yanasomeka kinyume, na kila bastola inachomolewa kwa mkono wa kushoto. "Miaka mingi," akasema, "nilijua wazungu wote ni mashoto."

Mkebe wa kwanza ukiisha kulikuwa na giza la kubadilisha mkanda. Hapo ndipo mabishano yalipopamba moto: nani atakufa, nani msaliti. Asubuhi gari lilikuwa limeshaondoka, nyasi zimelala, na filamu ikaendelea kusimuliwa kisimani hadi gari lirudi. Pengine mwaka mzima. Mimi niliyekosa filamu Nairobi sikuwa na hata mtu mmoja wa kunisimulia.

Baadaye vikaja vibanda vya video kote nchini, shilingi chache mlangoni, na DJ Afro akitafsiri ngumi za Wachina kwa Kiswahili chake kitamu. Sheria ilikuwa moja: stelingi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Nikakumbuka *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, filamu ya 2018 inayoonyesha kijiji kizima kikijigeuza sinema kwa ajili ya msichana mgonjwa anayetamani kuwa shujaa. Nilimsimulia mzee. Akauliza kama mtoto anapona. Nikamjibu kwamba lazima aitazame. Akanitazama kwa hasira kidogo.

Jioni nilikuwa nasubiri matatu ya kurudi. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda tena kutoka bondeni, na muuza parachichi alikuwa akinifungia tano kwa bei ya nne. Ng'ambo, duka moja la simu lilikuwa na televisheni ukutani, filamu ya ngumi, sauti iko chini. Waendesha boda sita walikuwa wameegemea pikipiki zao nje, wamesahau abiria. Mwenye duka akaanza kuteremsha mlango wa chuma. Ulipofika kiunoni wakainama. Ulipofika magotini wawili wakachuchumaa kabisa, shavu karibu na sakafu, na mmoja akapiga kelele, "Wewe, ngoja kwanza!"

Mlango ukagonga chini. Wakabaki pale wakibishana kama stelingi alikuwa na risasi moja au mbili.